Monita ya mzee inaamka na ukungu: je, kioo kimekufa?

"Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa mpiga video za harusi na ameniachia studio ndogo Upanga, hapa Dar, upande wa baharini. Kazi yangu kubwa sasa ni kuhamishia kanda za VHS za watu kwenye kompyuta. Natumia monita yake ya chogo ya inchi 14, zile za kitaalamu zenye plagi za BNC nyuma. Deki inaingia kwenye monita, halafu kutoka kwenye monita naenda kwenye kompyuta. Tangu masika yaanze, nikiwasha asubuhi picha ina ukungu, hata majina ya maharusi hayasomeki. Baada ya nusu saa hivi inajisafisha yenyewe na mchana kutwa inakuwa safi. Mwanga na rangi ni vilevile. Juu ya picha kumetokea mistari myeupe kama picha imekunjwa, na upande wa kushoto kuna doa la waridi. Pia kuna uzi mwembamba wa kijivu unaokatiza picha kwa mlalo. Fundi wa kwanza aliniambia kioo kimechoka, anataka kukipiga umeme kifufuke. Wa pili akasema ni flaibaki, ile transfoma ya umeme mkubwa. Mdogo wangu ananiambia niitupe, ninunue flati. Je, ni kweli nikifungua nyuma nikazungusha ile skrubu ya fokasi itapona?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikosea kama mafundi wako: nikatafuta ugonjwa mmoja. Hapo una mambo manne, na hayakuzaliwa tumbo moja. Moja si ugonjwa. Jingine utalimaliza mwenyewe leo bila kushika bisibisi. Mawili yanamhitaji fundi, na kwa maelezo yako yote mawili ni ya vipuri vidogo. Kioo chenyewe, yaani chupa nzima ya picha mpaka shingo yake ya nyuma, kwa jinsi ulivyoeleza naamini bado ni kizima. Skrubu usiiguse, sababu nitaieleza tukifika kwenye ukungu.

Uzi mwembamba uache kama ulivyo. Huo ndio ulionijulisha kwamba kioo chako ni cha aina ya Trinitron, ambayo Sony waliitoa mwaka 1968. Vioo vingi vya TV za chogo vina bati lenye matundu nyuma ya uso wake. Vya aina hii vina vipande vyembamba vya chuma vilivyosimamishwa wima na kukazwa kama nyuzi za zeze. Ukigonga boksi, au spika ikiunguruma, vinatetemeka, kwa hiyo wakapitisha uzi wa mlalo wa kuvituliza. Unachokiona kwenye picha nyeupe ni kivuli chake. Vioo vya ukubwa wa chako kwa kawaida vina uzi mmoja, vikubwa zaidi vina miwili. Niliwahi kuletewa monita nzima kabisa ambayo mwenyewe alikuwa ameshalipa watu wawili wamtolee "mkwaruzo" huo.

Doa la waridi nalo, nakuuliza: spika zako ziko wapi? Nakisia moja iko kushoto kwa monita, tena karibu. Ndani ya kioo kuna mishale mitatu ya elektroni, mmoja kwa kila rangi, na kila mmoja unatakiwa kutua kwenye mchirizi wa rangi yake tu. Michirizi hiyo ni myembamba mno. Sumaku ya spika ikiusukuma mshale kidogo tu, unatua kwa jirani, na pale palipotakiwa kuwa peupe panageuka waridi au kijani. Chuma cha ndani nacho kinashika usumaku, kwa hiyo hata ukiiondoa spika, doa linabaki.

Sogeza spika, hata mita moja inatosha. Zima monita, iache ipoe dakika ishirini, uiwashe tena, kisha picha ikishatulia bonyeza kitufe cha degausi, yaani cha kufuta usumaku. Utasikia "duuum" na picha itacheza kama maji yaliyotupiwa jiwe. Doa lisipotoka lote, usibonyeze tena hapohapo. Umeme wa koili inayofuta usumaku hupitia kifaa kidogo kinachopata moto na kuuminya umeme taratibu mpaka uishe, na kikiwa bado cha moto hakina nguvu ya kufanya kazi ile mara ya pili. Kila jaribio lipe dakika ishirini za kupoa. Na usikubali mtu akupitishie sumaku mbele ya kioo eti anafuta.

Kama baada ya siku mbili tatu kona zimebaki na rangi kidogo sana, usishangae. Sumaku ya dunia nayo ina mkono wake humo. Kule Ulaya mistari yake inazama kuelekea ardhini, hapa Dar inaelekea juu. Monita iliyosetiwa kule ikaja kufanya kazi kusini mwa ikweta inaweza kubaki na kivuli cha rangi pembeni. Fundi mwenye subira anaweza kukirekebisha, ila kwa kazi ya kuhamisha kanda mimi ningekiacha.

Sasa ukungu. Maneno yako matatu yamenipa karibu jibu lote: masika, asubuhi, nusu saa. Kifaa kilichochoka hakijui kalenda. Kinachojua kalenda ni unyevu.

Nieleze kidogo, ili ukikaa na fundi ujue anazungumza nini. Nyuma kabisa ya kioo, kwenye shingo yake nyembamba, kuna vijipande vya chuma vinavyopashwa moto mpaka vitoe elektroni. Elektroni hizo zinavutwa kuja mbele na umeme mkubwa sana, ambao kwa kioo cha inchi 14 ni zaidi ya kilovolti 20. Zikiwa njiani zinapita kwenye bomba fupi la chuma linalofanya kazi kama lenzi: linazibana ili zikifika mbele ziwe nukta ndogo kama ncha ya kalamu. Bomba hilo ndilo fokasi, na linahitaji umeme wake wenyewe, kilovolti kadhaa. Umeme huo ukipungua hata volti mia mbili tatu, nukta inavimba, herufi zinatota.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa TV hawakulizingatia, nami nikiwemo zamani. Umeme wa fokasi unatoka kwenye flaibaki kupitia rizista kubwa mno, megaomu kwa makumi, kwa sababu lile bomba la chuma halinywi umeme. Fikiria tanki la maji juu ya paa linalojazwa na mpira mwembamba. Lisipovuja, hata tone kwa tone litajaa na litabaki limejaa. Toboa tundu la sindano chini yake, halitajaa kamwe, na huwezi kuulaumu mpira. Kwa hesabu: uvujaji wa mikroampea 5, ambao ni sawa na hakuna, ukipita kwenye megaomu 50 unameza volti 250. Hapo herufi zimeshatota.

Unavuja wapi? Pale inapochomekwa ile soketi ya plastiki kwenye mkia wa kioo. Upande wa pini ya fokasi, soketi hiyo ina kijumba chenye vipande viwili vya chuma vinavyotazamana bila kugusana. Vimewekwa makusudi: ikitokea cheche ndani ya kioo, iruke hapo iende zake kwenye ardhi ya saketi badala ya kuunguza bodi. Umeme mkubwa uliokaa hapo miaka na miaka, pamoja na hewa ya chumvi ya Upanga, unavila vyuma vile vinatoa unga. Unga ule unanyonya unyevu kama chumvi ya mawe iliyoachwa wazi jikoni. Usiku wa masika unalowa. Asubuhi ukiwasha, umeme wa fokasi unapita juu yake unakimbilia ardhini. Shingo ya kioo inapata joto, unga unakauka, njia inakatika, picha inasafika. Usiku unalowa tena.

Vituo binafsi vya televisheni vilipoanza huku Tanzania Bara mwaka 1994, monita za namna hii zikaja navyo, na wengi wetu tulijifunzia kwenye kazi. Siku moja niliitwa studio fulani nikakuta ugonjwa huuhuu wako. Nikasema kwa kujiamini kabisa: flaibaki. Ikaagizwa, ikachukua muda mrefu kufika, nikaifunga, nikawasha, picha kama kioo cha saa. Nikalipwa. Kesho yake saa mbili asubuhi simu: ukungu umerudi. Nilikuwa nimeifunga saa nane mchana, chumba kimekauka kwa kiyoyozi! Niliporudi nikachomoa soketi, nikabandua kifuniko chake kwa kisu, na ndani kulikuwa na kijani, kijani kama sarafu ya shaba iliyolala kwenye mchanga wa bahari. Soketi mpya ilimaliza kazi. Pesa ya flaibaki sikuirudisha, na mpaka leo nikipita mtaa ule natazama upande wa pili.

Ndiyo maana nakukataza skrubu. Ukiizungusha asubuhi wakati umeme unavuja, utapata picha nzuri asubuhi. Saa nne uvujaji ukikauka, umeme utapanda kupita kiasi na utakuwa na ukungu wa mchana. Isitoshe, kando yake kuna skrubu nyingine inayofanana nayo, ya skrini. Hiyo ukiipandisha, picha nzima inajaa mwanga mweupe na mistari ya mshazari, kioo kinafanya kazi kupita uwezo wake, na mtu asiyejua ataapa kwamba kioo kimekufa. Nimeona monita zilizotupwa kwa kosa hilo tu. Fokasi hurekebishwa baada ya ugonjwa kutibiwa na monita kuwaka angalau saa nzima.

Fundi wako wa pili hakusema upuuzi. Kidhibiti cha fokasi kimo ndani ya mwili wa flaibaki, na chenyewe kinaweza kuvuja kwa dalili karibu zilezile. Siwezi kukuapia kutoka hapa nilipo. Ninachokwambia ni utaratibu: soketi ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo ukilinganisha na flaibaki, basi ianze soketi. Ukungu ukibaki, ndipo flaibaki ishukiwe. Mwenye kifaa maalumu cha kupimia umeme mkubwa anaweza kuhakikisha mapema kwa kupima waya wa fokasi ukiwa umechomekwa na ukiwa umechomolewa. Mita ya kawaida isiguswe pale. Haikutengenezwa kwa kilovolti, na hata ikipona itakupa namba ya uongo, kwa sababu nayo ni tundu jingine kwenye tanki.

Wa kwanza ndiye ninayemwogopa. Kukipiga kioo umeme ni kuongeza moto wa kile kijipande kinachotoa elektroni kisha kupitisha mkondo mkali ili uso wake uliochoka ubanduke, ubaki mpya. Uso huo ni tabaka jembamba la oksidi za bariamu na strontiamu, na haliongezwi. Wakati mwingine kioo kinapata nafuu ya miezi. Wakati mwingine tabaka linabanduka lote, au vyuma vya ndani vinagusana, na hapo hakuna wa kumlilia, maana vioo hivi havitengenezwi tena. Mimi hufanya hivyo kwa kioo ambacho mwenyewe ameshakikatia tamaa tu. Na dalili za uchovu zenyewe ni nyingine: picha inafifia, inachukua muda kupata mwanga, rangi moja inakuwa dhaifu kuliko wenzake, na weupe ukiongeza kontrasti unachuruzika na kung'aa kama bati jipya. Wewe umeandika kwamba mwanga na rangi ni vilevile. Kioo kilichochoka hakisemi hivyo.

Mistari myeupe ya juu ni kesi nyingine, na fupi. Mara 50 kwa sekunde mshale unafika chini ya kioo na kutakiwa urudi juu haraka kuanza upya. Kwa ule mruko ayisii ya wima, chipu inayousukuma mshale juu na chini, inahitaji msukumo wa ziada, na msukumo huo unahifadhiwa na kapasita moja iliyo jirani yake. Kapasita za aina hiyo zina maji ya kemikali ndani. Miaka ya kukaa kando ya bati la moto, lile la kuipoza ayisii, inazikausha. Ikikauka, mshale unachelewa kufika juu, mistari ya kwanza ya picha inaanza kuchorwa ukiwa bado njiani, ndipo inalaliana na kuwa myeupe. Fundi abadilishe kapasita hiyo na zile mbili tatu zilizo karibu na bati la joto, aweke za nyuzi joto 105, mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na atazame upande wa hasi kabla ya kulehemu. Akiwa humohumo ashike lenzi, aangalie miguu ya flaibaki na ya plagi za koili ya shingoni. Lehemu iliyochoka hapo hupasuka kwa duara dogo kuzunguka mguu, na ukitazama haraka huioni.

Atakayekwambia "tubadilishe kapasita zote monita nzima" mwambie asubiri. Najua wapo wanaoipenda njia hiyo. Lakini bodi za umri huu njia zake za shaba hubanduka kwa pasi ya lehemu isiyo na adabu, na nimeona monita iliyoingia na kasoro moja ikatoka na sita.

Na ikitokea siku picha ikasinyaa yote ikawa mstari mmoja mkali wa mlalo katikati, zima papo hapo. Dakika chache tu zinatosha kuunguza kioo pale mstari ulipo, na alama hiyo haifutiki.

Kuhusu kufungua mwenyewe: hapana. Hata ukiwa na bisibisi nzuri na moyo wa baba yako. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa unakaa kwenye kapasita kubwa ukiwa kama volti 325, na unaweza kubaki baada ya kuchomoa plagi. Huo ndio unaoua. Ule wa kioo, kilovolti ishirini na kitu, kwa kawaida unakurusha, na madhara yake huja baada ya kurushwa. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliguswa nao, mkono ukarudi nyuma kwa kasi ukapiga shingo ya kioo. Tulisikia "fyuuu" ndefu, hewa ikiingia. Yeye alipona, kioo kilikwenda.

Kwa hiyo tafuta fundi, na kabla hujampa monita muulize swali moja: "Chaji ya kioo utaitolea wapi?" Akisema anagusisha bisibisi kwenye bati lolote, shukuru uondoke. Jibu unalotaka ni kwamba ataunganisha bisibisi yenye mpini wa kuhami kwa waya kwenye ule ukanda wa nyaya za kusuka uliokumbatia mgongo wa kioo, aiingize chini ya kofia ya mpira, pale waya wa umeme mkubwa unapoingia kwenye kioo, asubiri kidogo, kisha arudie tena, kwa sababu kioo hujikusanyia chaji upya hata monita ikiwa imechomolewa. Anayejua kurudia ameshafanya kazi hii. Mafundi wa chogo wanapungua, lakini Kariakoo bado wapo wazee waliokaa na vioo maisha yao yote. Waulizie kwa maduka ya vipuri, siyo kwa maduka ya simu. Soketi inunuliwe kwa kuipeleka ile ya zamani mkononi: walinganishe idadi ya pini, ukubwa wa duara lake na mahali pini ya fokasi ilipo. Kwa jina la monita peke yake utarudi na isiyoingia. Na mwambie asiguse pete za shingoni, zile zenye rangi ya mhuri wa kiwandani juu yake. Kuzirudisha mahali pake kunaweza kula siku nzima.

Mdogo wako naye nimjibu. Flati haitaua kazi yako. Kanda yako inaweza kuhamishwa vizuri bila chogo lolote chumbani, na kama ingekuwa kioo kimepasuka au kimeisha kweli, ningekwambia ununue flati usikimbizane na kioo kingine. Lakini monita yako inakuonyesha vitu ambavyo flati nyingi huvificha. Bonyeza andaskani, picha inasinyaa na unaona kingo zote, pamoja na ule utepe wa vurugu chini kabisa ambapo vichwa vya deki vinabadilishana. Usishtuke nao, kila VHS inao. Utepe huo ukipanda juu sana ndipo ujue deki inahitaji kuangaliwa. Na picha yetu ya mistari 625 huchorwa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza au ile ya shufwa, kwa zamu. Faili ukiitengeneza kwa zamu iliyopinduka, ukairudisha kwenye chogo, bibi harusi anatembea kwa kutetemeka na kosa unaliona sekunde hiyohiyo. Flati inazichanganya nusu mbili, inakulainishia, unakuja kuambiwa na mteja. Kwa soketi moja na kapasita tatu, mimi ningeitengeneza.

Kitu kimoja zaidi kwenye barua yako kimenikuna, ingawa hukukiuliza. Umesema deki inapita kwenye monita kwenda kwenye kompyuta. Tazama nyuma kama kuna swichi iliyoandikwa 75 yenye alama ya omu. Kompyuta yako tayari inaweka mzigo wa omu 75 mwisho wa waya. Monita nayo ikiweka wa kwake, mizigo inakuwa miwili na nguvu ya picha inashuka hadi theluthi mbili. Faili zote ulizohamisha zitakuwa na giza, na utadhani kanda ndizo zilizochakaa. Ukiwa unapitisha kwenda mbele, swichi iwe imezimwa. Ukiwa huna kitu mbele, iwe imewashwa. Monita nyingine hazina swichi, hujitambua zenyewe ukichomeka waya wa kutokea. Iangalie leo, kabla hata ya fundi.

Matunzo ya pwani ni kupambana na unyevu na vumbi, basi. Monita isikae mkabala na dirisha la baharini. Ukimaliza kazi iache ipoe, ndipo uifunike kwa shuka la pamba, siyo nailoni, kwa sababu nailoni inafungia unyevu ndani. Matundu ya juu usiyawekee kanda wala sahani ya chai. Hata wiki ambayo huna kazi iwashe saa moja mbili ijikaushe. Wapiga picha wa hapa mjini hukusanya vile vipakiti vya kunyonyea unyevu kutoka kwenye maboksi ya viatu wakaviweka na lenzi zao. Unaweza kuvitupia chini ya shuka, ila vichukue juani kila baada ya muda maana vikishiba havinyonyi tena. Umeme ukikatika, izime kwenye swichi yake, na ukirudi subiri dakika kadhaa utulie ndipo uwashe. Stabilaiza ya kweli inasaidia.

Usiku mmoja zima taa za chumba, iwashe, simama nyuma yake bila kuigusa. Sauti nyembamba ya mluzi ni ya kawaida, ni mapigo 15,625 kwa sekunde. Wewe kijana utaisikia, mimi masikio yangu yaliaga zamani. Ila ukisikia "tsss" kama mafuta kikaangoni, au "tik tik", au ukaona mwanga wa samawati kupitia matundu, au ukanusa ile harufu kali ya radi, izime na usiiwashe mpaka fundi aifungue, apulize vumbi na kupangusa kofia ya mpira kwa spiriti.

Soketi ikishabadilishwa, mwombe fundi akupe ile ya zamani. Bandua kifuniko chake upande wa waya mnene, utazame ndani kwenye mwanga. Ukikuta kijani, tumemaliza. Ukikuta chuma kinang'aa, niandikie tena kabla hujamruhusu mtu kununua flaibaki, na unieleze asubuhi ya kwanza baada ya soketi mpya picha iliamkaje.